Cheti ni cha mume, lawama ni zangu: niwaambie nini jamaa zake?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Pemba, nimelifupisha na nimeondoa vitu vya kumjulisha: "Assalaam alaykum mama. Nina miaka 29, huu mwaka wa tano wa ndoa na hatujapata mtoto. Mie nilipimwa kila kitu nikaambiwa sina tatizo. Mume wangu kapimwa mara moja, mwaka huu, cheti kikasema mbegu milioni 4, akaniambia hili liishie hapa hapa, hata mama yake asijue. Sasa mavyaa anasema kwa watu kizazi changu kizito, mawifi wananiletea dawa na ami yake ameshaanza kutaja mke wa pili. Jumapili ya wiki ijayo wifi ana akika, ukoo mzima utakuwepo. Niseme au ninyamaze? Nimechoka mama."

Waalaykum salaam mwanangu. Nianze na hilo la akika mana najua ndo linalokunyima usingizi. Habari ya cheti usiitoe pale, hata wakikubana vipi. Lakini na huku kunyamaza kulivyo sasa hivi, mzigo wote uko kichwani kwako, nako hakutakiwi kuendelea, ila wa kuuvunja huo ukimya ni mumeo, na wa kuambiwa ni mama yake peke yake, kwa maneno machache ambayo nitakuandikia hapo chini. Soma yote kwanza kabla hujamwambia kitu.

Nataka tuuzungumze huu msemo mana najua umeshapigwa nao: mficha uchi hazai. Nimefanya kazi ya ukunga zaidi ya miaka 20, Unguja na Pemba, na sina hesabu ya mara ngapi nimeusikia ukitumiwa vibaya. Anakuja shangazi anakaa kitandani kwako, anakuuliza mnalala vipi, damu inatoka siku ngapi, ukiona haya anakwambia mwanangu mficha uchi hazai. Sasa jiulize, aliyeutoa msemo ule alikuwa anataka uchi afunuliwe nani? Mkunga! Mwanamke yuko kwenye uchungu, mkunga yuko mbele yake, akibana miguu kwa haya mtoto hatoki. Ndo basi, hapo ndo mwisho wa msemo. Hakuna aliyesema ufunue na kwa jirani, na kwa wifi, na kwa watu waliokaa ukumbini wanasubiri pilau. Kwahivo kila unapojiuliza fulani nimwambie au nisimwambie, tazama akishajua ana kazi gani ya kufanya. Daktari anayo kazi. Mama mkwe anayo moja, kufunga mdomo wake na wa binti zake. Binamu wa Wete ambaye mnaonana kwenye maharusi hana kazi yoyote, basi hana haja ya kujua.

Sasa cheti, na hapa nitakaa mana mkija kusema neno kwa mama mtu lazima nyinyi wenyewe mjue mnazungumzia nini, na naona kwenye maandishi yako kama vile mumeo umeshamzika. Milioni 4 ni chache, sikudanganyi. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kinaweka mstari wa chini milioni 16 kwa mililita moja. Lakini ule mstari ulipatikana vipi? Walitazama wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, wakaona kama watano katika kila mia walikuwa chini ya hapo, na watoto wakapata vile vile. Kwahivo milioni 4 inakwambia njia yenu ni ndefu kuliko ya wengine na huenda mkahitaji msaada, sifuri ni habari nyengine kabisa na ina vipimo vyake.

Halafu kapimwa mara moja tu. Mbegu mpaka ikamilike inachukua kama siku 74, kwahivo homa kali iliyomlaza miezi miwili nyuma inaweza kuja kuonekana kwenye karatasi leo. Kabla ya kupima anatakiwa akae siku 2 mpaka 7 hajakutana na mke, zikipungua au zikizidi majibu yanapotoka. Na zile mbegu zinatakiwa zitazamwe ndani ya saa moja hivi tangu zitoke, hazitaki jua wala baridi. Sasa mtu katoka shamba huko, kachupa kamo mfukoni, anangoja gari ya abiria, gari inasimama kila mti, akifika hospitali kuna foleni, na anaona haya kumwambia mpokeaji amekuja na nini, mpaka kachupa kanafika mezani saa mbili zimeshapita. Hayo majibu utayaamini? Arudie, baada ya miezi mitatu, na kama kuna chumba cha faragha pale pale hospitali atolee huko huko. Na daktari amkague yeye mwenyewe asiishie kusoma karatasi, mana kuna mishipa inayovimba kwenye korodani, ni sababu inayopatikana sana na mara nyingi inatibika kwa operesheni ndogo. Kuna kichocho, sie watu wa visiwa hivi tunakijua vizuri, mtoto kaoga bwawani miaka 15 nyuma, kakojoa damu ikapita ikasahauliwa, na kumbe kimebaki, kinaweza kuharibu njia za uzazi za mwanamke na za mwanamme pia, na dawa yake ya prazikwanteli inajulikana. Matumbwitumbwi yakimkuta mvulana ameshabaleghe yanaweza kushuka korodani. Sigara. Na kama anakwenda jimu muulize kwa upole kama anatumia sindano au vidonge vya kujaza misuli, mana vile vinazima utengenezaji wa mbegu, anazidi kupendeza nje na ndani kunakauka.

Na weye pia nakuuliza, hicho "kila kitu" ulichopimwa ni nini? Sikusudii kukurudishia lawama. Nimewaona wengi wanaambiwa huna tatizo kwa utrasaundi moja tu, na utrasaundi ya kawaida haionyeshi kama mirija imeziba, hiyo inataka kile kipimo cha eksirei wanachopitisha dawa kwenye kizazi. Katika ndoa zinazochelewa, karibu nusu upande wa mume unakuwa na mchango, na kwenye nyingi ya hizo na upande wa mke nao una lake. Kwahivo usije ukasimama ukasema mie mzima yeye mgonjwa kabla hujawa na uhakika, mana neno likishatoka halirudi na utalihitaji hilo pendo baadae.

Nije kwa mumeo. Usimchukie kwa kusema liishie hapa hapa. Kwetu mwanamme akiambiwa mbegu chache masikio yake yanasikia neno jengine, anasikia hanithi. Watu wanachanganya nguvu na mbegu, hata waliosoma wanachanganya. Mtu anaweza kuwa na nguvu zake zote, mkewe hana malalamiko, na maji yakatoka kama kawaida, na bado mbegu zikawa chache, mana yale maji karibu yote yanatoka kwenye tezi nyengine huko ndani, mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana na kwa jicho huzioni. Hili mwambie weye, kwa kinywa chako, na umwambie kabla hujamuomba kitu chochote. Nimeona wanaume wazima wakilia chumbani kwangu waliposikia hilo tu, miaka mitatu mtu anatembea anadhani yeye si mwanamme.

Kisha ndo uje kwenye sitara, mana najua hilo ndo neno atakalolishika: nisitiri mke wangu. Na kweli kusitiriana ni wajibu wa ndoa. Lakini sitara ni nguo, na Suratul Baqara aya ya 187 inasema wake ni nguo kwenu na nyinyi ni nguo kwao, yaani nguo inafunika wawili. Hivi sasa nguo imevutwa yote upande wake, weye umebaki nje na kila apitae anakutazama. Mwambie hivyo hivyo. Mwambie, mume wangu sitaki mtu ajue habari ya cheti chako mpaka nakufa, ila naomba na mie unifunike, mama akisema kizazi changu kizito na weye umekaa hapo unakunywa chai unanyamaza, mie nakuwa uchi. Usimwambie usiku mmeshalala, wala siku ile ile ambayo mama mtu kakutia neno, hasira itakuharibia. Ijumaa baada ya sala, ameshakula, mko wawili, simu weka mbali.

Maneno ya kumwambia mama yake, ayaseme yeye, aende peke yake, na uzuri aende kabla ya akika: "Mama, mie na mke wangu tumekwenda hospitali wote wawili, na mie natibiwa pia. Hili jambo ni letu sote, si la mke wangu. Naomba mtu akisema kizazi chake kizito mbele yako, umkatize." Tazama hapo, hakuna namba, hakuna neno mbegu, hakuna uongo hata mmoja, akiwa ameshapanga kurudia kipimo na kumuona daktari basi matibabu ameshaanza. Hayo maneno "na mie natibiwa pia" mama mtu mzima atayaelewa bila ya kufafanuliwa, ataumia, atanyamaza kidogo, na sana sana atauliza "kwani weye una nini?" Ajibu tu "mama nipo kwa daktari, niombee dua" na aishie hapo.

Kwanini aseme yeye na usiseme weye, hata kama mavyaa wako ni mtu mzuri? Kwa sababu maneno yale yale yakitoka kwa mwanawe ni shida ya mtoto, roho yake ya umama inaamka, na yakitoka kwako ni mkwe anamtukana mwanangu. Kila mmoja aseme na damu yake. Kwenu sema weye, kwao aseme yeye, hii nimeiona ikifanya kazi hata kwenye nyumba zenye maneno makubwa.

Akikataa? Mana anaweza kukataa, wengi wanakataa mara ya kwanza kwa kuona muhali. Mpe muda mpaka hicho kipimo cha pili, lakini mwambie wazi mpaka wako uko wapi, na mpaka wako ni huu: siri ya mwili wake ni yake na utaibeba, mwili wako ni wako. Siku wazee wakikaa kikao cha kuzungumza mke wa pili kwa sababu "huyu hazai", una haki ya kusema "mie nimepimwa na majibu yangu ni mazuri". Umesema juu yako, hukumtaja. Watu wakijumlisha wenyewe hiyo ni hesabu yao. Ila ajue mapema kwamba utasema, usimshtukize mbele za watu.

Na huyo mke wa pili wacha niseme nilivyoona, mana wazee wanalileta kama dawa. Kuoa mke wa pili ni ruhusa ya dini na sibishani nalo, ila mke mpya habadilishi mbegu za mume. Nimehudumia wanawake wawili wa mwanamme mmoja, wa kwanza kaachwa kwa utasa, akaolewa kwengine akaja kujifungua mikononi mwangu, na wa pili akaja kwangu mwaka uliofuata analia kwamba sasa yeye ndo anaitwa tasa. Yule bwana hajawahi kupimwa. Kwahivo ami mtu akitaka kuoza binti wa watu, akumbuke na yule ni mtoto wa mtu, anaingizwa kwenye jambo halijui. Hili tena la kumwambia ami ni mumeo, si weye.

Ami akija na dini, na dini nayo ipo upande wenu. Suratush Shura aya ya 49 na 50, Mwenyezi Mungu anampa amtakaye watoto wa kike, amtakaye wa kiume, au huwachanganya, na humfanya amtakaye kuwa tasa, imetajwa kama mapenzi yake, haikutajwa kama kosa la mtu. Bi Aisha mwenyewe, mke wa Mtume, hakuzaa, na alikuwa akiitwa Ummu Abdillah kwa mtoto wa dada yake, hakuna Muislamu anaethubutu kumpunguzia cheo kwa hilo. Na wakisema mambo ya kupandikiza mimba maabara ni haramu, Al-Azhar ya Misri walishatoa fatwa tangu 1980 kwamba inafaa ikiwa mbegu ni za mume na yai ni la mke wake, wako ndani ya ndoa, na hakuna mtu wa tatu anaeingizwa. Nakutajia hili mana kwa mbegu chache kuna njia ya kuchukua mbegu moja tu na kuidunga ndani ya yai, watoto wa njia hiyo wanazaliwa tangu 1992. Huduma ya kupandikiza ipo Dar, ni ghali, na sisemi muanzie huko, nasema milioni 4 kwa njia ile si kidogo hata kidogo.

Mawifi na dawa zao. Dua pokea, dawa rudisha. Kombe la Qur'ani kwa nia yako silisemi, lakini mizizi ya kuchemsha ambayo hata aliyeleta haijui jina, na vile vitu vya kujiweka ukeni kusafisha kizazi, hapana kabisa mwanangu, nimewatibu waliochubuka, wengine wakapata maambukizi, na maambukizi ndo hayo yanayokuja kuziba mirija, mtu alikuwa mzima akajitia ugonjwa. Maneno ya kumjibu wifi bila ya ugomvi: "Ahsante wifi, Mungu akulipe, nipo kwenye dawa za hospitali na nimekatazwa kuchanganya." Na hutokuwa umedanganya, mana kuanzia leo nataka uwe unakunywa foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, kila mwanamke anaetafuta mimba anatakiwa aitumie, na mie hapa nimekukataza kuchanganya. Na kwenye grupu la wasap la ukoo usijibu chochote cha haya. Voisi ya wifi ikiingia humo isikilize ukiwa na roho nzuri au usiisikilize kabisa.

Na kwenu tafuta mtu mmoja wa kulia nae. Mmoja. Mama yako ukimjua anaweza kusikia "tunatibiwa wote" akaacha kuuliza zaidi, au somo wako aliyekufunda, mana yeye ana amana ya siri tangu siku ya harusi. Mie mwenyewe nilikaa miaka sita kabla ya kupata wa kwanza, na aliyenibeba ni somo wangu, hakuwahi kuniuliza bado tu, alikuwa akija Alkhamisi tunakuna nazi pamoja na nikitaka kulia nalia, nikimaliza tunaendelea kukuna.

Haya, akika. Nenda. Usipokwenda watasema una kijicho, na hilo utalibeba mwaka mzima. Nenda asubuhi mapema wakati wa kumenya vitunguu, mana mwenye kazi mkononi haulizwi sana na ana sababu ya kuinamisha uso, macho yakitoka machozi ni vitunguu. Wakikuletea mtoto umshike, ukiweza mshike, ukiona moyo hauwezi sema mikono yangu ina vitunguu, hakuna atakaekulazimisha. Na ujue Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba katika kila watu wazima sita, mmoja hupitiwa na jambo hili katika maisha yake, kwa hesabu hiyo ukumbini wakiwa wanawake 60 basi kama kumi hivi yamewahi kuwakuta au yatawakuta, watazame wale ambao hawakuulizi, huenda ndo wao.

Atakaekuuliza, mana hakosi wa kuuliza, jibu lako ni neno moja: "Tuombeeni." Liseme hivyo hivyo kwa wingi, tuombeeni, usiseme niombeeni, mana ukisema niombeeni umeshakubali kwamba mgonjwa ni weye peke yako. Sema, tabasamu, rudi kwenye vitunguu vyako. Mtu wa kwetu akishaambiwa tuombeeni anajibu inshaallah na mazungumzo yamekwisha, sijaona bado aliyeendelea. Na kabla hujatoka nyumbani kubalianeni na mumeo saa, tuseme saa nane watu wakishakula, aje mwenyewe na vespa yake mpaka mlangoni kwa dada yake, aingie, awaamkie mama zake na shangazi zake, akuite kwa jina lako mbele yao, mwende zenu.